Mstari Nilioruka

Kazi yangu ni kugonga kuta. Watu wananiita fundi chokaa, na chokaa kweli natia, lakini kabla ya chokaa kuna kugonga. Unashika mwiko kwa upande wa bamba, unagonga ukuta kwa mpini, shubiri kwa shubiri, sikio karibu. Penye uzima pana sauti fupi, ngumu. Pale lipu ilipoachana na jiwe pana sauti nyingine, kama ya mtungi. Hapo unatia alama ya mkaa, halafu unabomoa. Kazi hii nimeifanya katika nyumba za Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na mwenzangu. Sasa naifanya peke yangu. Na tangu afe, kila nikigonga palipo patupu namsikia anasema, "Soma tena hapo."

Sisemi ni jini, na sisemi ni yeye. Masikio ya fundi yamejaa vumbi na umri, huenda ni hayo tu. Naandika ninachokisikia, kwenye daftari la vipimo, kuanzia nyuma, ili mbele pabaki kwa kazi.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Masasi, Mkristo tangu kwa babu yake. Alikuja Unguja kijana, akajifunza chokaa kwa fundi yule yule aliyenifunza mimi. Baadaye tukawa majirani pia, Kiembe Samaki, njia moja imetutenga. Mimi ni mtu wa Kizimkazi. Chuoni, kwenye kusoma msahafu, nilihitimu, skuli niliacha darasa la sita, na kusoma kwangu herufi za kizungu ni kwa kuburura. Yeye alisoma kama mtu anayekunywa maji.

Kukaa juu ya jukwaa na mtu mmoja mwaka mzima ni kama kufungwa naye. Mtamaliza mpira, mtamaliza serikali, mtamaliza wake zenu. Mwisho mtafika kwenye dini. Sisi tulifika mapema, na tulikuwa na mahali pamoja pa kugombania, kwa sababu Nabii Issa wetu na Yesu wao ni mtoto wa mama mmoja. Juu ya maisha yake ya ukubwani tulishabishana tukachoka. Kilichobaki ni utoto wake.

"Hebu niambie, sheikh," aliniuliza siku moja, chokaa imemjaa nyusi. Alikuwa akiniita sheikh kwa kunichokoza. "Nyinyi mnasema mtoto alizungumza ana siku ngapi?"

"Mchanga. Mamake karudi naye kwa jamaa zake, wanamshutumu, mwanamke hana mume kaja na mtoto. Yeye kanyamaza, kaashiria mtoto. Mtoto akamjibia."

"Akasema?"

"Kwamba yeye ni mja wa Mungu, na kafanywa nabii."

"Kwa sauti ya kitoto au ya mtu mzima?"

Hilo sikuwahi kulifikiria, nikamwambia mie skuwepo.

Akacheka mpaka jukwaa likatikisika. Halafu akasema jambo ambalo bado nalizungusha kichwani. Alisema, "Tazama ajabu. Nyinyi mnasema ni mtu tu, lakini mmempa maneno toka kitandani. Sisi tunasema ni Mungu, na tumemwacha analia kama mtoto wa jirani, ananyonya, anajikojolea. Anajifunza kutembea kwa kushika ukuta."

"Mungu gani anashika ukuta?"

"Ndo nakwambia ni ajabu."

"Ajabu au haingii akilini?"

"Kwako haingii. Kwangu inaingia inakaa." Akaendelea kupiga lipu.

Mimi naamini nilivyofunzwa, kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Nimeliandika hapa mapema ili atakayesoma daftari hili, kama ni wanangu, asije akanifahamu vibaya huko mbele. Lakini sitaki kumpunja mtu aliyekufa. Neno lake lilikuwa na uzito, na mimi siku ile nilimwambia tu aniletee maji.

Hadithi aliyoipenda kunichokozea ni ya ndege. Sisi tumefunzwa kwamba Nabii Issa alifinyanga ndege kwa udongo, akampulizia, akaruka kwa idhini ya Mungu. Yeye alisema katika kitabu chao haimo. Alikwenda kumuuliza padri wake, na akarudi kuniambia jibu alilopewa bila kulipunguza: kwamba zamani Wakristo wengine walikuwa na hadithi kama hiyo, ya Yesu akiwa mtoto, ila haikutiwa katika vitabu vinavyosomwa kanisani. Angeweza kuninyima habari hiyo. Ilikuwa inanisaidia mimi.

Lakini hakuacha kunichokoza. Tulikuwa tunamaliza nyumba moja upande wa Malindi, ghorofa ya tatu, tunateremsha jukwaa. Ukishateremsha, yanabaki matundu ukutani ilipokuwa imeingia miti, na unayaziba moja moja ukishuka. Akachukua donge la chokaa na mchanga, akalifinyanga kiganjani, akalivuta mdomo na mkia. Akaliweka juu ya ubao mbele yangu.

"Haya, sheikh. Mpulizie."

"Mie si nabii."

"Jaribu tu. Labda idhini ipo."

"Muogope Mungu, yakhe."

Akampulizia yeye mwenyewe, vumbi likanijia usoni. Tukamtazama yule ndege. Bila shaka hakwenda popote. Mwenzangu akamchukua, akamtia ndani ya tundu, akaziba kwa jiwe na chokaa, akapangusa kwa ubapa wa mwiko. "Akae humo," alisema. "Siku ya kiyama ukuta ukianguka, tutajua nani alikuwa na haki."

Nilimuona kavuka mpaka. Nilinuna mpaka alasiri. Alasiri ilipoadhiniwa akaniita kama kawaida yake, "Sheikh, wakati," maana yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha, na nikashuka kwenda kusali. Nilipopanda, mnuno umeshapotea.

Nina jambo lingine la kuandika, na ndilo linaloniuma zaidi. Ilikuwa zamu ya nyumba nyingine. Tulibishana juu ya Bibi Maryam, wapi alimzaa mtoto. Mimi nasema peke yake, chini ya mtende. Yeye anasema zizini, na mume wake wa posa yupo. Nikamwambia kesho nakuletea tafsiri ya msahafu kwa Kiswahili, tusome. Nikaileta. Lakini tafsiri ile ina herufi ndogo, na mimi miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono, na hata bila hayo nasoma kwa kuburura. Nikampa asome yeye.

Akasema ngoja. Akateremka jukwaa lote, ghorofa mbili, akaenda bombani akanawa mikono mpaka viwiko, akasukutua mdomo, akapanda tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akakaa juu ya ubao akasoma. Alisoma habari yote, mtende, tende zilizoanguka, mtoto kusema. Kisha akafika pale panaposemwa waziwazi kwamba haimfalii Mungu kujifanyia mwana. Nilimuangalia usoni. Akasoma kama alivyosoma mengine, kwa sauti ile ile, hakukohoa, hakuharakisha. Alipomaliza akafunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Yanasomeka vizuri," alisema. "Siyakubali, lakini yanasomeka vizuri."

Mke wake tulimsimulia jioni, akiwa amerudi kutoka hotelini anakofanya kazi ya vyumba. Yeye hakujali mtende wala zizi. Alisema, "Peke yake vile, kitovu alikikata nani?"

Miaka ikaenda. Mwenzangu akashikwa na sukari. Kwanza vidole vya miguu, kisha macho. Akaacha kupanda. Nikawa namletea chokaa nyumbani, donge tu ndani ya kopo, aikande aniambie kama imelala vya kutosha, kwa sababu chokaa haitaki haraka, lazima ilale shimoni miezi. Akiikanda alijua kwa vidole. Baadaye hata hilo likamshinda.

Mkewe alikuwa lazima aende kazini, kwa hivyo mimi nikimaliza kusali adhuhuri nilikuwa napita kukaa naye mpaka alasiri. Siku hiyo ninayoisema nilimkuta amelala chali, uso ameugeuzia dirishani kulikokuwa na mwanga. Nyumba yao iko chini ya njia ya ndege za abiria, zikishuka uwanjani glasi zinalia kabatini.

"Nisomee," alisema.

"Nikusomee nini?"

"Kitabu changu. Kipo juu ya redio. Nisomee pale alipopotea."

Nilijua anaposema. Alishanisimulia mara nyingi. Katika utoto wote wa Yesu, kitabu chao kina habari moja tu ya mtoto aliyekwishapata akili, umri wa miaka kumi na miwili. Wazee wake wanakwenda naye sikukuu katika mji mkuu, wanarudi, njiani wanagundua hayupo. Wanamtafuta siku tatu. Wanamkuta katika nyumba ya ibada, amekaa na walimu, anauliza na anajibu. Mamake anamlaumu, na yeye anamjibu mamake. Mwenzangu alikuwa akisema jibu hilo ndilo neno la kwanza walilonalo kutoka kinywani mwake. Kwetu neno lake la kwanza ni lile la kitandani, kwamba yeye ni mja. Kwao ni hili.

Nikaenda nikanawa mikono. Hilo nililifanya, naliandika kwa upande wangu. Nikachukua kitabu, akanielekeza kwa kumbukumbu mpaka nikapapata. Nikaanza kuburura. Alikuwa ananisikiliza amefumba macho, midomo yake inatangulia maneno kidogo.

Nikafika mamake anapomlaumu. Nikausoma. Mstari unaofuata niliuona wote mbele yangu, si mrefu. Mtoto anajibu kwamba walipaswa kujua atakuwa wapi, naye anaitaja nyumba ile kuwa ni ya nani, na Mungu mwenye nyumba hiyo mtoto anamwita kwa jina la mzazi, ambalo mimi kinywa changu hakijapata kulitamka kwa maana ile. Nilimfikiria mwalimu wangu wa chuo. Nilifikiri, nikifa leo hii nimelisema, itakuwaje? Ndege ya abiria ilikuwa inashuka, na nilitamani ipite juu yetu nisome katika kelele zake, lakini ilikuwa bado mbali.

Nikaruka. Nikaenda kwenye mstari wa chini yake.

Mstari wa chini yake unasema wazee wake hawakufahamu neno alilowaambia.

Neno gani? Hakuna neno nililolisoma. Hata mtu asiyekijua kitabu angesikia kwamba hapo pana shimo, sembuse yeye.

Halafu akasema, "Soma tena hapo."

Nikarudi kwa mamake. Nikasoma lawama. Nikafika kwenye mstari. Nikaruka tena. Mara ya kwanza ningeweza kusema nimekosea, kila mtu anajua ninavyosoma. Mara ya pili sina la kusema.

Nilikwishaandika katika ukurasa huu kwamba alicheka. Nimelifuta. Hakucheka, alivuta pumzi kwa pua, na mimi ndiye niliyetaka iwe kicheko. Alichosema baada ya hapo ni hiki: "Ahsante, sheikh. Siku hizi unasoma vizuri." Nimeligeuza neno hilo kila upande. Siku nyingine nalisikia kama dhihaka. Siku nyingine kama msamaha. Huenda alishukuru tu, kama mgonjwa anavyomshukuru mtu aliyekaa naye. Sijui, na wa kumuuliza hayupo, kwa sababu alfajiri ya pili yake mkewe alinibishia dirisha akaniambia amekwisha.

Nilikwenda makaburini kwao, nikasimama nyuma. Waliimba. Nikaona mafundi wenzetu wote wa chokaa wamekuja, kofia zao vichwani.

Kuanzia wiki hiyo ndiyo sauti ilianza. Mara ya kwanza nilikuwa nagonga ukuta wa ngazi, Shangani, asubuhi, watalii wanapita chini. Nikagonga palipo patupu, na kabla sijatia mkaa nikasikia, "Soma tena hapo," kwa namna alivyokuwa akitamka ile "tena", Kimasasi hivi. Nikageuka. Ngazi tupu. Nikagonga pembeni, pazima, kimya. Nikarudi pale, ikaja. Nilimaliza ukuta ule bila kutia alama hata moja, nikamwambia mwenye nyumba kuta zake zote nzima. Uongo. Ilibidi nirudi baada ya siku mbili nikamwambie ukweli, na akanitazama kama mtu anayefikiria kutafuta fundi mwingine.

Jambo lililonitisha halikuwa sauti peke yake. Mimi ndiye mwenye kuamini kwamba mtoto yule alijaaliwa kusema tangu mchanga. Na mimi, si mwingine, ndiye niliyemfunga mdomo.

Nikaenda Kizimkazi kwa mwalimu wangu. Ameshazeeka, anakaa barazani kwake anafunga miwani kwa uzi, vijana wa mashua za kupeleka watu kutazama pomboo wanapita na majaketi yao ya kuelea.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Nikamwambia yote. Nilidhani ataniambia nimeiokoa dini yangu. Alimaliza fundo la uzi kwanza.

"Zamani," alisema, "wanawake wa hapa waume zao wakifanya kazi Bara, barua zikija walikuwa wananiletea mimi niwasomee. Nikafika pale mtu anapoandika, mke wangu mpenzi, nakukumbuka. Nikisoma vile, nshakuwa mumewe?"

"La, maalim."

"Na ningeruka?"

Niliangalia pwani.

"Ungeruka wewe," alisema. "Mwanamke wa watu akarudi nyumbani anadhani hapendwi." Akavaa miwani, akanitazama vizuri. "Msomaji si mwenye maneno. Moyo wako uliogopa kumshirikisha Mungu, na khofu ile skulaumu, ungekosa khofu ningekulaumu. Lakini kitabu cha mtu mkononi mwako ni amana. Umeivunja amana ya mgonjwa."

"Nifanye nini?"

"Mimi najua kusoma barua. Za maiti sijui." Akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi mjini mzito kuliko nilivyokwenda. Ingekuwa dhambi ya kusoma, ningetubu, basi. Sasa naambiwa hapakuwa na haja ya kuruka.

Mwezi wa tano tangu kifo, nikaitwa Malindi. Nyumba ile ile. Wenye nyumba wamebadilika, na aliyekuja katikati alikuwa ametia saruji juu ya chokaa yetu, ukuta ukashindwa kupumua ukaanza kuvimba. Nikapanda. Nikagonga kwa kujikaza, maana nilijua litakalokuja. Lilikuja, mara mbili tatu, nikatia alama na kuendelea. Nilipofika chini ya dirisha la ghorofa ya tatu nikagonga, sauti ya mtungi, na nikangoja.

Hapo hakusema kitu.

Kimya kile kilinitisha kuliko sauti. Nikabomoa. Saruji ikaanguka, kisha lipu yetu, kisha jiwe la kuzibia, nikatia mkono ndani ya tundu na vidole vikamgusa yule ndege wake wa chokaa. Alikuwa amekauka, mgumu kama matumbawe, mdomo umekatika. Tumboni kwake palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yote imetoka vizuri kuliko mhuri. Nilikuwa sijaliona dole gumba lake tangu walipomvisha soksi mikononi kwa baridi ya ugonjwa. Nikakaa juu ya ubao mpaka yule mwenye nyumba akaita kutoka chini kuuliza kama niko salama. Nikajibu naam.

Ukuta ulikuwa haujaanguka, na kiyama bado. Kwa hivyo juu ya nani alikuwa na haki, ndege yule hakuniambia lolote, wala sitaki kumsingizia. Lakini nilimtia mfukoni, na jioni ile ile nikaenda kwa mjane.

Nilikuta mizigo mlangoni. Alikuwa anarudi Masasi kwa dada yake, meli ya keshokutwa. Mwiko wa mumewe na ubao wake wa kusawazishia ulikuwa umefungwa pamoja, pembeni.

"Nilitaka kukutumia ujumbe," alisema. "Vifaa vya ndugu yako hivyo. Karibu, shemegi, kaa, viti vimekwenda, kaa hapo juu ya sanduku."

Nikampa yule ndege. Nikamwambia alikotoka. Akamgeuza geuza kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu kuku," alisema.

"Mwenyewe alisema ndege."

"Mume wangu hajui kufinyanga. Kuku huyu." Akaona dole gumba. Akaweka lake juu yake, likawa dogo, akaliondoa. Alimfunga kwenye pindo la kanga, na mimi nikawa natafuta njia ya kuanza. Akaanza yeye.

"Shemegi, nina swali nakuogopa kukuuliza. Siku ile ya mwisho wewe ndo ulimsomea?"

"Mimi."

"Nilirudi magharibi, nimesafisha vyumba kumi na nne. Akaniambia, nisomee pale fundi aliporuka. Nikamwambia, baba, nimechoka, kesho. Akasema haya." Akakaza fundo la kanga. "Sijui ulimsomea wapi. Sikumuuliza, nilikuwa nimechoka. Sasa nimekuwa nasoma kitabu chote kutoka mwanzo, natafuta aliporuka fundi ni wapi. Kila nikimaliza sura najiuliza, ni hapa? Naanza tena."

Juu ya sanduku la pili kitabu kilikuwa kimefunguliwa, kalamu katikati. Miezi mitano. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Nikamwambia. Nilimwambia ni wapi, nilimwambia niliuona mstari na kuuruka kwa kusudi, na kwamba aliniambia nisome tena na nikaruka mara ya pili. Sikujitetea kwa kuburura. Nilimwambia pia aliyoyasema mwalimu wangu, na kwamba mimi bado naamini ninavyoamini, sitaki adhani nimekuja kwa jambo jingine.

Alinisikiliza anatazama mlango.

"Nimeshapita hapo mara mbili," alisema mwisho. "Ningejuaje." Kisha akasema, "Yeye alikusomea cha kwenu, alinawa mpaka viwiko. Alinisimulia."

"Najua."

"Ningekukasirikia, lakini mimi nilisema kesho."

Akakichukua kitabu, akakifungua penyewe bila kutafuta, akakiweka magotini kwangu. Nikaomba maji ya kunawa. Akanimiminia kwa kopo, pale pale kizingitini.

Nikaanza kwenye sikukuu. Nilisoma safari, siku tatu, mamake na lawama yake. Nikafika. Nikausoma mstari wote, neno kwa neno, na lile jina analomwita mwenye nyumba nikalisoma kama lilivyoandikwa, kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Ndo hilo?" aliuliza.

"Ndo hilo."

"Fupi hivi."

Nilitaka kufunga kitabu. Akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Alikwambia usome mara mbili," alisema. "Umesoma mara moja."

Ndege ya jioni ilikuwa inashuka, kabati la glasi halikuwepo tena la kulia. Nikaingoja ipite kwanza, isije ikafunika. Kisha nikarudi kwa mamake, nikausoma mstari mara ya pili, na sikuishia hapo. Nikaendelea na ule wa chini yake, kwamba wazee wake hawakufahamu neno alilowaambia. Safari hii neno lilikuwepo.